Gumba lililozama kwenye mkasi: kwa nini akili unde bado inashindwa na mkono ulioshika kitu

Swali: "Mimi ni mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi, Morogoro. Wanafunzi ni wengi na meza ya kukatia ni moja, kwa hiyo wa nyuma hawaoni mkono wangu unavyoshika mkasi. Nikaona nitengeneze video fupi kwa akili unde. Niliandika: 'Mkono wa kulia unashika mkasi wa fundi na kukata kitambaa kwa kufuata mstari wa chaki.' Nilichopata ni gumba lililozama ndani ya chuma, kitambaa kinachokatika kabla mkasi haujafika, na safari moja mkono wenye vidole sita. Mwanangu anayesoma kompyuta anasema kosa ni Kiswahili, niandike Kiingereza. Mwenzangu ofisini anasema nisubiri tu, kompyuta zitaongezeka nguvu na tatizo litakwisha. Nimesikia pia kuna mifumo inayotengeneza mikono ya 3D kutokana na maelezo ya maneno. Je, nilipie programu bora zaidi, nihamie kwenye hiyo ya 3D, au niifundishe mashine kwa video zangu mwenyewe?"

Jibu: Mwalimu, pole kwa kuandika na kufuta kote huko. Swali lako nimelisoma hivi: unatafuta video ambayo mwanafunzi wa benchi la nyuma ataitazama na kujua gumba liingie wapi, mkono wa kushoto ufanye nini, na mkasi usimame wapi kabla ya kusukumwa mbele tena. Hilo linabadili jibu lote. Kwa tangazo la chuo, kasoro ulizoziona zingevumilika. Kwa somo la kukata, mahali gumba linapokaa ndilo somo lenyewe, na hapo ndipo mifumo hii ilipo dhaifu kuliko pote.

Nikupe msimamo wangu kabla ya maelezo. Usilipie programu ghali zaidi kwa ajili ya kazi hii. Mifumo ya 3D ijaribu kwa sehemu ndogo tu, ukiwa na mtu wa kukusaidia. Video za mikono yako mwenyewe anza kuzirekodi sasa, maana zitakufaa hata kama hakuna mashine itakayozigusa.

Sasa nimrudie mwanao, kwa sababu ana sehemu ya ukweli. Mifumo mingi ya utafiti inayogeuza maneno kuwa mwendo wa mkono haijifunzi lugha kutoka mwanzo. Huazima msomaji aliyekwisha kufundishwa, yaani programu inayogeuza maneno kuwa namba, na anayeazimwa mara nyingi ni CLIP, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2021 baada ya kuifundisha kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo kutoka intaneti, nayo ilijengwa kwa maelezo ya Kiingereza. Sentensi ya Kiswahili ikipita humo hupoteza mengi njiani. Wapo wasomaji wengine wanaokijua Kiswahili, kwa mfano XLM-R na LaBSE, na mtu mwenye ujuzi anaweza kuwaweka mahali pa CLIP, ila itabidi sehemu ya mfumo ifundishwe upya. Kwa hiyo ukiandika sentensi fupi ya Kiingereza huenda ukaona nafuu: kitu sahihi, mkono wa kulia badala ya kushoto. Gumba litaendelea kuzama.

Litaendelea kuzama kwa sababu maelezo ambayo mashine hizi zilifundishwa nayo yalikuwa machache mno hata kwa Kiingereza. Chukua GRAB, mojawapo ya hazina za data zinazotumiwa sana katika kazi hii, iliyotolewa mwaka 2020 na watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Mifumo Yenye Akili, huko Tübingen, Ujerumani. Watu 10 walibandikwa alama mwilini, usoni na vidoleni, wakashika vitu 51 mbele ya kamera maalumu: kikombe, nyundo, birika, mswaki, mkasi. Kila rekodi ikapewa jina la kitu na kusudi la mshikaji, na makusudi yenyewe ni machache: kutumia, kuinua, kumpa mwingine, kuhamishia mkono wa pili. Basi. Mashine iliyosoma humo inajua "tumia mkasi". Hakuna aliyeiandikia kwamba gumba huingia tundu dogo na vidole vingine tundu kubwa. Mwaka 2024 watafiti waliojenga mfumo uitwao DiffH2O ilibidi waongeze maelezo marefu zaidi kwenye rekodi hizo hizo za GRAB, maana bila hayo huwezi kuuambia mkono uanze kulia au kushoto ukategemea kusikilizwa.

Kwa hiyo mwanao akisema "lugha ni sehemu ya tatizo", atakuwa sahihi. Sehemu kubwa zaidi iko kwenye mguso.

Programu uliyotumia hutengeneza video kwa vitone vya rangi. Imetazama video nyingi mno na kujifunza rangi gani hufuata rangi gani, kisha huanza na fujo tupu ya vitone na kuisafisha hatua kwa hatua mpaka picha inayolingana na maneno yako itokee. Ndani yake hakuna mfupa wala chuma, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba vitu viwili vigumu haviwezi kukaa nafasi moja. Halafu fikiria unachokiona mtu anaposhika mkasi: gumba limepotelea kwenye tundu, vidole vya kati na pete vimejificha nyuma ya mpini, kiganja kimefunika kilichobaki. Katika video zote ilizotazama, pale nyama inapokutana na chuma palikuwa pamefichwa na mkono wenyewe. Mashine inabaki kubahatisha. Vidole vikiingia nyuma ya mpini na kutokea tena, haivihesabu, na ndipo unapata cha sita. Kitambaa kukatika mapema kunatokana na hilo hilo: imejifunza kwamba mkasi na mpasuko huonekana pamoja, haijui kwamba mmoja ndio unaosababisha mwingine.

Mifumo ya 3D uliyoisikia huanzia pengine kabisa, kwenye kiunzi. Mingi hutumia mkono wa kidijitali unaoitwa MANO, uliotolewa mwaka 2017 na kujengwa kutokana na skani zipatazo 1,000 za mikono ya watu 31. Ngozi yake ni wavu wa vipeo 778, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, mkao wa viungo vya vidole unaelezwa kwa namba 45, na unene au urefu wa mkono kwa namba 10. Vidole ni vitano daima, kwa sababu hakuna namba ya kuongeza cha sita. Hiyo ni faida kubwa. Sasa hesabu pamoja nami: mikono miwili, kila mmoja namba 45 za vidole na 6 za kuuweka na kuuzungusha angani, inafanya 102. Ongeza 6 za mkasi na 1 ya jinsi ulivyofunguka, inafika 109 kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. Kwa sekunde 5 zenye fremu 30 kila moja, mashine inatakiwa itoe namba 16,350 zinazokubaliana zote, kutokana na sentensi yako ya maneno kumi na kitu.

Na makosa kwenye mkono hayabaki yalipozaliwa. Kidole ni kama ufito: ukisogeza shina kidogo, ncha inayumba sana. Kiungo cha chini cha kidole cha shahada kikikosewa kwa nyuzi 5 tu, na kidole kina urefu wa sentimita 8, ncha inapotea kwa takriban milimita 7. Kwa mtu anayepunga mkono hewani, milimita 7 hakuna atakayeziona. Kwa anayetaka kutunga uzi kwenye sindano, amelikosa tundu kabisa.

Watafiti wamejaribu kulikabili hilo kwa kugawa kazi. Mfumo uitwao Text2HOI, wa mwaka 2024, husoma kwanza sentensi na umbo la kitu, kisha hukisia ramani ya mguso: sehemu gani za kitu zitaguswa na mkono. Ikishapatikana ramani, ndipo unatengeneza mwendo wa mikono na kitu pamoja, na mwisho unapita hatua ya kusahihisha ili vidole vikae kwenye mguso huo visizame. DiffH2O nao umetenganisha kukishika kitu na kukitumia, kwa kuwa mkono unaokikaribia kitu una kazi tofauti na mkono uliokwisha kukishika. Naipenda njia hii ya kuanza na mguso. Ndivyo fundi anavyofundisha: kwanza shika hapa, halafu tuongelee kukata.

Lakini hapo pana mvutano ambao haujaisha. Ukiiadhibu mashine kila kidole kinapozama ndani ya kitu, inajifunza kujihami, na mkono unabaki kuelea karibu na mpini bila kuugusa. Ukiiadhibu kwa kuelea, kidole kinazama tena. Isitoshe, nyama ya kidole halisi hubonyea inapokandamiza chuma, na ngozi ya MANO haibonyei, kwa hiyo kuzama kidogo ndiyo njia pekee iliyo nayo ya kuonyesha kwamba imekaza. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huongeza kipimo kingine: wanauweka mkono na kitu kwenye programu ya kuigiza fizikia, wanawasha mvutano wa dunia, wanatazama kama kitu kitateleza. Mikono mingi inayopendeza kwenye picha huangusha kitu hapo.

Mwenzako wa ofisini anasema usubiri nguvu za kompyuta. Ninavyoona mimi, hicho sicho kinachokosekana zaidi. Kinachokosekana ni rekodi. Linganisha mwenyewe: jozi milioni 400 za kufundishia maneno na picha, kwa upande mmoja, watu 10 na vitu 51 kwa upande mwingine. Video za mikono zimejaa intaneti, ila video haikuambii vipeo gani vya ngozi vimegusa wapi, na kupata hilo kunahitaji maabara, alama za kubandika na saa nyingi za kusafisha data. Tena vitu vya GRAB havikunjuki wala havifunguki. Mkasi wake ni kipande kimoja. Ilibidi tungoje ARCTIC, hazina nyingine ya rekodi, mwaka 2023, yenye fremu milioni 2.1 za mikono miwili ikishughulikia vitu 11 vyenye bawaba au mhimili, na mkasi umo. Ukibahatika, basi, utapata mfumo unaojua kufungua na kufunga mkasi.

Mkasi gani, lakini? Wako wa kukatia una mpini uliopinda kwenda juu, ili upande wa chini ulale mezani na kitambaa kisinyanyuke. Tundu moja dogo ni la gumba, lingine refu la vidole viwili au vitatu, na wengi huacha shahada nje, mbele ya mpini, iongoze. Mkono wa kushoto umelaza kitambaa karibu na mstari bila kukivuta. Fundi haufungi mkasi mpaka ncha; anasimama kabla, anausukuma mbele, anaendelea, ndipo ukingo unatoka bila meno. Katika yote hayo hakuna hata moja ambalo mashine imefundishwa, na kitambaa hakimo kabisa. Mkasi unaelezeka kwa namba 7 kwa fremu. Kitambaa hakina umbo la kudumu. Kila sehemu yake inaweza kwenda kivyake, na kikikatwa kinakuwa viwili. Uzi nao ni hivyo hivyo. Kwa ushonaji, kitu muhimu zaidi mezani ndicho mifumo hii isichokijua.

Sasa njia zako. Video inayotengenezwa kwa maneno, kama uliyoijaribu, itumie kwa utangulizi: duka la vitambaa, gauni lililokamilika, mwanafunzi akiingia darasani. Mikono ikianza kufanya kazi, sehemu hiyo iondoe. Kwa cherehani nakuwa mkali zaidi. Usionyeshe kamwe mkono uliotengenezwa na mashine ukiwa karibu na sindano inayokwenda, hata ukionekana sawa, kwa sababu mwanafunzi ataiga umbali wa kidole na sindano alioutazama, na umbali huo haukupimwa na mtu yeyote.

Mifumo ya 3D ina faida ambayo video haina: unaweza kuuzungusha mkono na kuutazama kwa chini, kwa nyuma, hata kuufanya mkasi uwe kama kioo ili vidole vilivyo ndani vionekane. Kwa somo lako hiyo ni zawadi. Gharama yake ni kwamba mingi ni programu za watafiti, hazina kitufe cha kubofya. Zinahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu na mtu asiyeogopa kuandika amri. MANO yenyewe hutolewa kwa leseni ya utafiti usio wa kibiashara, kwa hiyo kama video zako zitauzwa, soma masharti kwanza. Na tegemea kwamba kitakachotoka kitakuwa rasimu, mtu atakisahihisha fremu kwa fremu kwenye Blender, programu ya kuchora na kusogeza vitu vya 3D, ambayo ni bure.

Njia ninayoipa uzito ni ya tatu: anzia kwenye mkono wako halisi. Weka simu juu ya bega lako la kulia, ikitazama meza kama unavyoitazama wewe, ili kulia kwako kuwe kulia kwa mwanafunzi. Simu ya pili iwe ubavuni, usawa wa meza, ionyeshe upande wa chini wa mkasi unavyolala. Mwanga utoke mbele, kivuli cha kiganja kisianguke kwenye mstari wa chaki. Video hizo peke yake, zikipunguzwa kasi, zitatatua tatizo la benchi la nyuma. Ukitaka 3D baadaye, zipo programu kama HaMeR zinazosoma picha ya kawaida na kukisia mkono wa MANO uliomo. Na MediaPipe ya Google hufuatilia nukta 21 za mkono hata kwenye simu. Zote hubahatisha vidole vilivyojificha, ila zinabahatisha zikiwa na mkono wako mbele yake, na hilo ni bora kuliko kubahatisha kwa sentensi. Zijaribu kwa mikono tofauti ya wanafunzi wako, yenye hina, yenye pete, na kwa mwanga hafifu, uone zinapopotea kabla hujazitegemea.

Kuhusu kuifundisha mashine kwa video zako: video chache za mwalimu mmoja hazitaifundisha kukata. Zitaifundisha kuiga mkono wako kwenye meza yako, na ukibadili kitambaa itayumba. Hata hivyo usizitupe. Hazina kubwa ya video za aina hii, Ego4D, ilikusanya saa 3,670 kutoka kwa watu 931 katika nchi 9, na Rwanda imo kwa sababu tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani lililoko Kigali lilishiriki. Ushonaji wa kwetu utaingia kwenye mashine kwa njia hiyo hiyo, pale watu wenye mikono inayojua kazi watakapokubali kurekodi. Omba ridhaa ya maandishi kwa kila mwanafunzi, acha nyuso nje ya picha, rekodi na wanaotumia mkono wa kushoto. Kwa kila klipu andika maelezo mawili ya Kiswahili: moja fupi, "anakata kwa kufuata mstari wa chaki", na moja refu linalotaja kila kidole kilipo na mkono wa pili unafanya nini. Maelezo hayo marefu ndiyo adimu kuliko yote, na mwalimu wa ufundi huyasema kila siku darasani bila kuyaandika.

Klipu yoyote ya mashine utakayotaka kuitumia, itazame polepole na uisimamishe pale mkono unapokigusa kitu. Je, kitu kimeanza kusogea kabla hakijaguswa? Mkono ukiondoka, kinabaki kimeelea? Gumba likiingia tundu moja, linatoka hilo hilo? Kisha mwonyeshe fundi mzoefu ambaye hajui imetengenezwa vipi, umuulize kama angemruhusu mwanagenzi wake ashike hivyo. Akisita, iache.

Ukifika mahali pa 3D, usihangaike peke yako na mafunzo ya intaneti. Nenda ana kwa ana kwenye idara ya kompyuta ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampasi yake ya TEHAMA pale Kijitonyama, na mwanafunzi anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho atalipenda tatizo lako kwa sababu lina mwenyewe na lina kipimo. Beba klipu zako, maelezo yako ya Kiswahili, na mkasi wenyewe. Waombe waanze na mkasi: waupige picha kutoka pande zote kupata umbo lake la 3D, nusu mbili zikiwa zimetenganishwa kwenye mhimili. Chuma kinachong'aa huzichanganya programu za kuunganisha picha, kwa hiyo uupake unga mwembamba wa chaki ya fundi kwanza. Bila umbo la mkasi huo, hakuna ramani ya mguso inayoweza kukisiwa, na hatua nyingine zote zinangoja hapo.